Mlango Mmoja Badala ya Minne

Mji wa Kale, Mombasa
6 Machi 1944

Kwa ndugu yangu Aidarus, huko jeshini,

Salamu sana. Kaa kitako kwanza ndipo usome. Baba ametutoka. Ijumaa asubuhi alikuwa kwenye kigoda chake akikata ngozi ya makubadhi, akaniambia, "Swabaha, nipa mai, kifua chanibana." Niliporudi na kata ya maji nilimkuta ameegemea ukuta, kisu bado ki mkononi. Nilimwita mara tatu. Innalillahi wa inna ilayhi rajiun.

Alizikwa siku ile ile baada ya sala ya alasiri. Sisi wanawake tulibaki ndani na kilio chetu, kwa hivyo yaliyopita makaburini siwezi kukusimulia. Wewe hupo, baba hana ndugu aliye hai, basi aliyesimama mahali pako ni Bwana Sheikhan, yule mwenye ofisi Mwembe Tayari, aliyekuwa akisali na baba msikiti mmoja. Ameshughulika na sanda, na jeneza, na wasomaji wa khitma. Mungu amlipe.

Mama ameingia eda. Yuko chumba cha ndani na haulizi lolote ila habari zako.

Mengine yote ni salama. Nyumba tunayo na mikono tunayo. Usijitie wasiwasi kwa ajili yetu, jiangalie wewe na hiyo vita.

Dada yako,
Swabaha binti Kamaludin


Mwembe Tayari, Mombasa
12 Machi 1944

Bwana Aidarus,

Mimi ni Tsuma, muuza ngozi. Wanijua. Ulipokuwa mdogo babako alikuleta dukani kwangu, ukalala juu ya ngozi za mbuzi, ukarudi kwenu unanuka hata mamako akakukataza kuingia. Pole, mwanangu. Alikuwa fundi na alikuwa rafiki.

Nina jambo la kukwambia mara moja tu, kisha sitalirudia, maana sipendi kumsimbulia mtu wema niliomtendea. Siku ya maziko Bwana Sheikhan alisimama penye kaburi kwa niaba yenu, akatangaza kama ilivyo desturi yenu: anayemdai marehemu ajitokeze, au amsamehe. Mimi Mkristo nilikuwa nje ya ukuta. Nikasema kutoka pale pale: namdai shilingi mia tatu na kumi za ngozi, nimemsamehe zote. Bwana Jamaldin wa duka la mchele akasema mia mbili na sabini, naye akasamehe. Gunga seremala, aliyewatengenezea paa, akasema mia na themanini, akasamehe huku analia. Watu wakaitikia amina. Amebaki sonara peke yake, shilingi mia na arubaini. Siku hiyo alikuwa mgonjwa, hakuwapo.

Habari hizi Bwana Sheikhan atakuwa amezifikisha nyumbani kwenu. Mimi nakuandikia wewe mwanamume wa nyumba, upate kujua kuwa babako hakwenda na mzigo.

Tsuma


Ofisi, Mwembe Tayari
24 Aprili 1944

Kwa Bi Mwanatumu, mjane wa marehemu Kamaludin,

Baada ya salamu na pole nyingi, Bibi, nimelipitia lile daftari la marehemu ulilonipa kwa mkono wa binti yako. Madeni ni manne: la Tsuma wa ngozi, la Jamaldin wa mchele, la Gunga seremala na la sonara. Jumla ni shilingi mia tisa.

Sitaki kukutisha katika eda yako. Lakini wewe umesoma, wajua kuwa roho ya muumini hutundikwa na deni lake mpaka lilipwe. Na wadai wanne ni milango minne ya kubisha, kila mlango na ulimi wake. Kazi ya ofisi yangu ni kuifanya milango hiyo kuwa mmoja. Mimi nitawakabili wote wanne, na wewe utajuana na mimi tu, kwa shilingi ishirini kila mwisho wa mwezi. Hizo binti yako atazipata kwa kushona kofia. Ada yangu ni mia moja, nimeijumlisha humo humo ili usiihisi, ikawa elfu kamili. Hati itaandikwa kwa Kizungu kama serikali itakavyo. Nyumba itatajwa ndani yake, nayo ni desturi ya karatasi tu.

Nina ombi moja. Wewe na binti yako msizungumze na wadai hata kwa salamu ya njiani. Mkimgusa mmoja, wote watataka kulipwa mbele ya wenzao, na jina la marehemu litakuwa sokoni.

Wako katika kheri,
Sheikhan


Mji wa Kale
29 Aprili 1944

Kwa Bwana Sheikhan,

Mama amekubali. Njoo keshokutwa na hati yako na mashahidi wawili. Yeye atakaa nyuma ya pazia na kidole chake nitakishika mimi, maana mkono wamtetema tangu msiba.

Nilimuuliza kuhusu hiyo nyumba kutajwa. Amesema nyumba hii alijengewa na babake, hana kingine duniani, lakini mume wake asilale na deni hata usiku mmoja zaidi. Ndugu yangu aliye jeshini tafadhali asijue. Ana mauti mbele yake kila siku, sitaki aongezewe aibu ya baba.

Swabaha


Jeshini, mahali tusiporuhusiwa kutaja
20 Juni 1944

Dada Swabaha,

Barua yako ilinikuta nafunga vidonda. Niliisoma, nikaikunja, nikaendelea kufunga, kwa sababu waliokuwa wakingoja walikuwa wengi. Nililia baadaye, chini ya mvua, na mvua ya huku haina mwisho, kwa hivyo hakuna aliyenijua.

Nakwambia neno moja likutulize wewe na mama. Baba alikuwa mtu safi na hakubakisha jambo na mtu yeyote. Nina yakini na hilo, usiniulize zaidi. Wewe binti yake mkumbuke kwa makubadhi yake na utani wake, yatosha.

Kila mwezi mtapata shilingi kumi na tano kutoka mshahara wangu. Mbusu mama mikono kwa ajili yangu.

Nduguyo,
Aidarus


Mji wa Kale
8 Novemba 1944

Aidarus, bwana dresa wa vidonda,

Mama ametoka eda tangu Julai na afya yake ni ya juu na chini. Mimi nashona kofia za viua, zile za matundu madogo ya sindano. Moja yanichukua majuma matatu, na macho yameanza kunidai, lakini sifa zimeenea na wanunuzi wapo. Bwana arusi mmoja alitaka kofia tatu. Nikamuuliza ana vichwa vingapi.

Jambo linaloniumiza ni watu. Bwana Jamaldin, ambaye tangu utotoni hakunipitisha bila kunitia halua mkononi, siku hizi nikipita anainamia mizani yake kana kwamba mchele utakimbia. Gunga tulikutana naye uchochoroni, akanitazama kama mtu anayengoja kuambiwa kitu. Nikashika buibui langu nikapita. Sijui tumewakosea nini. Mama husema nyumba isiyo na mwanamume hupoteza rafiki.

Kama waweza, ongeza shilingi kumi kila mwezi. Ni za dawa ya mama.

Swabaha


Jeshini
15 Januari 1945

Dada,

Kumi nimeziongeza. Mkubwa wa makarani wetu aliniuliza kama nimeoa kwa siri.

Bwana Jamaldin na Gunga usiwavunjie adabu. Simama, waamkie, uwaulize hali. Wale ni watu wema kuliko ujuavyo, na sababu yake sitakwambia, maana aibu ya maiti aijuaye mwosha. Wewe fanya nisemavyo.

Tumepoteza vijana wengi mwezi huu. Mmoja alikuwa wa Bondeni, aliniomba nimwimbie kitu cha kwetu. Nilisahau nyimbo zote.

Aidarus


Mji wa Kale
27 Februari 1946

Kwa Bwana Sheikhan,

Baada ya salamu. Pamoja na barua hii nimetuma shilingi ishirini za mwezi huu. Kwa hesabu yangu tumekwisha kulipa miezi ishirini na miwili, yaani mia nne na arubaini, wala hatukukosa hata mmoja, hata mwezi ule mama alipolala na homa nikauza bangili zangu. Katika elfu yako zimebaki mia tano na sitini. Nataka uniandikie hivyo kwa mkono wako nimsomee mama, moyo wake utulie. Ndugu yangu atarudi mwaka huu na napenda akute deni limebaki kidogo.

Swabaha binti Kamaludin


Ofisi, Mwembe Tayari
5 Machi 1946

Kwa Binti Kamaludin,

Fedha zimefika. Naona pana kutofahamiana, nami napenda mambo yawe wazi.

Hati aliyoitia mama yako kidole ni ya mauzo ya nyumba, kwa bei ya shilingi elfu, pamoja na hiari ya kuinunua tena kwa bei hiyo hiyo ndani ya miaka miwili. Shilingi ishirini za kila mwezi ni kodi yenu ya kukaa humo. Kodi haipunguzi bei. Elfu bado ni elfu.

Hiari hiyo inakwisha tarehe 30 Aprili. Mkileta elfu nzima kabla ya siku hiyo, nyumba ni yenu. Msipoileta, nitaomba ufunguo tarehe mosi Mei, kwa sababu nimekwisha kumpata mpangaji.

Sheikhan


Mji wa Kale
7 Machi 1946

Aidarus ndugu yangu,

Nimekudanganya miaka miwili na leo nakuja mbele yako na uso wangu mtupu.

Baba alikufa na madeni. Wewe ulimwita mtu safi asiyebakisha jambo, nami nikasema moyoni, hajui maskini, basi asijue. Alikuwa akidaiwa ngozi, na mchele, na paa, na pete ya mama iliyotengenezwa upya na sonara. Jumla mia tisa. Bwana Sheikhan alikuja akasema atayalipa yote, na sisi tumlipe yeye ishirini ishirini. Mama alitia kidole. Mimi ndiye niliyemshika mkono, Aidarus. Nilikibonyeza mimi kile kidole juu ya karatasi nisiyoweza kuisoma.

Sasa anasema ile ilikuwa kuuza nyumba, na fedha zote tulizolipa zilikuwa kodi. Kodi ya nyumba yetu wenyewe! Kumi zako ulizodhani ni dawa ya mama zimekwenda kwake. Macho yangu yamekwenda kwake. Anataka elfu nzima kabla ya mwisho wa Aprili. Mimi nina sitini na tatu.

Mama hajui bado. Kila Alhamisi baada ya magharibi humsomea baba Yasini, kisha huniuliza, "Limesalia kiasi gani, mwanangu? Babako yuko karibu kupumzika?" Nami humjibu kuwa limesalia kidogo. Una akiba yoyote? Waweza kukopa jeshini? Nijibu upesi, kwa jina la Mungu.

Swabaha


Kambini, tunangoja meli
2 Aprili 1946

Dada,

Nimeisoma barua yako mara nne na kila mara naomba iwe ya mtu mwingine.

Baba alikuwa hadaiwi. Sikiliza vizuri. Siku ile ile ya maziko Tsuma alisamehe, na Jamaldin alisamehe, na Gunga alisamehe, kwa sauti, mbele ya watu wote, na aliyesimama kuwauliza ni Sheikhan mwenyewe. Alisikia kila neno. Tsuma aliniandikia juma lililofuata na barua yake ninayo hapa, nimeinakili nyuma ya karatasi hii kwa herufi zetu za Kiarabu ili uisome. Sonara aliyebaki nilimlipa mimi, ishirini kila mwezi kwa miezi saba, kwa mkono wa Tsuma.

Nilijua tangu Juni ya mwaka wa arubaini na nne. Nilinyamaza kwa sababu nilidhani wewe hujui kuwa baba alikuwa na deni, na sikutaka binti aione aibu ya babake. Nilidhani mama ameambiwa na wanaume. Hata uliponiandikia kuhusu Jamaldin na mizani yake nilikaribia kusema, kalamu i mkononi, nikaona nitakuwa namvua baba nguo kaburini. Sentensi moja tu, Swabaha. Mficha uchi hazai, na mimi nimeuficha mpaka nyumba ya mama imekwenda.

Nina shilingi mia mbili na tisini. Nimeomba mkopo kwa mkubwa wetu, akasema jeshi si benki. Meli haitaondoka kabla ya katikati ya Mei. Nenda kwa wakili na nakala hiyo. Na mama umwambie kila kitu, pamoja na langu. Siri imetula vya kutosha.

Aidarus


Bondeni
3 Mei 1946

Aidarus,

Utaona juu ya barua kwamba anwani si ile. Tuna chumba kimoja hapa Bondeni, uani kwa Gunga. Alikuja mwenyewe na mkokoteni akachukua kitanda cha mama, na njia nzima hakunitazama usoni.

Kwa wakili nilikwenda. Aliisoma hati mara mbili, akavua miwani. Alisema ndani yake hakuna deni hata neno moja. Imeandikwa kuwa Mwanatumu ameuza nyumba na kupokea shilingi elfu mkononi mwake, mbele ya mashahidi wawili, na kidole chake kiko chini. Tunaweza kushitaki, lakini itachukua mwaka na itataka fedha kabla ya kuanza, na mashahidi ni watu wa Sheikhan. Nikaenda kwa Sheikhan mwenyewe. Sikujua kuwa naweza kumpigia kelele mwanamume mbele za watu, lakini nilimpigia. Aliningoja nimalize. Akasema, "Mimi nalinunua nyumba. Waliomdai marehemu wakiwa hawakutaka fedha, hiyo ni bahati yake. Wewe wanilaumu kwa kuwa wao ni wakarimu?" Kisha akaniitia chai.

Nikampitia Jamaldin dukani. Nilipomwambia kuwa hatukujua, aliweka kibaba chini akakaa juu ya gunia. "Miaka miwili naingoja salamu moja tu kwa Bi Mwanatumu," akasema. "Nalidhani mumejivuna." Naye hakutaka kuniuliza, kwa sababu anayesamehe akiuliza huwa anadai. Kutoka mlangoni kwetu mpaka dukani kwake nilihesabu hatua nikirudi. Hazifiki mia mbili.

Mama nilimwambia usiku wa kuamkia kutoa ufunguo. Nilimwambia kuhusu hati, na kodi, na yale yaliyosemwa makaburini. Hakulia. Aliniuliza, "Babako alisamehewa siku gani?" Nikamwambia siku ile ile, kabla ya udongo. Akapapasa ukuta kwa kiganja, ukuta wa babake. Akasema, "Kumbe alikuwa amelala. Mimi ndiye nilokuwa silali." Nikadhani yamekwisha.

Kisha akaniuliza, "Na Aidarus? Alikuwa yuwajua?"

Uliniambia nimwambie kila kitu, pamoja na lako. Nilifungua kinywa kufanya hivyo. Lakini alinitazama kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, kama mtu aliyebakiwa na kitu kimoja mkononi, nacho anauliza kama bado kizima. Nikasema, "Hakujua, mama. Barua ya Tsuma haikumfikia, ilipotea vitani." Akasema niape. Nikaapa. Akasema alhamdulillahi, akajilaza, akalala mpaka alfajiri.

Tsuma nimemwomba anyamaze, na amekubali. Barua yake ichome kabla hujapanda meli. Na ukifika ukaona mama anakulaki kwa furaha, usije ukaona uchungu ukakiri, ukajituliza wewe ukamuua yeye.

Mimi sijakusamehe, Aidarus, na sijui ni lini nitaweza. Lakini yeye hana mwana mwingine.

Dada yako,
Swabaha